Boliti Zilizochezewa Bao

Enzi zetu boneti ya gari ikifunguliwa, mtaa mzima uliinama kuchungulia, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Siku hizi nikifungua boneti ya gari langu nakutana na mfuniko mweusi wa plastiki, na kijana wangu Shija ananionya, "Mama, usiguse hapo." Halafu anaupiga picha huo mfuniko, anauweka kwenye simu yake, na wenzake wanampongeza kwa ufundi.

Sisi wa rika langu ufundi tuliuanza mapema. Tulitengeneza magari ya mabua ya mtama, magurudumu tukakata kwenye ndala zilizochakaa. Kama ndala za baba zilikuwa bado nzima, tulizisaidia kuchakaa. Tuliyaendesha hadi shuleni, dumu la maji kichwani na fagio kwapani, tukayapaki kwa mstari nje ya darasa, na ole wake aliyempita mwenzake bila kupiga honi kwa mdomo. Fimbo tulichapwa kwa kuchelewa, na bado foleni ya magari ilipangwa kwanza.

Gari la kweli lilikuwa la baba, pale nyumbani Dutwa. Ilikuwa pikapu iliyonizidi umri, rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Siku ya mnada ikipita barabarani, wenye baiskeli walishuka wakasimama pembeni. Baba aliamini ni heshima, kumbe ni moshi. Aliipata kwa kutoa ng'ombe, na mayu, yaani mama yangu, hakuulizwa. Baba alikuwa mkulima wa pamba, lakini ujanani aliwahi kuwa utingo wa lori, na cheti hicho kilimtosha maisha yake yote. "Ukiona fundi anasoma kitabu," alikuwa akituambia, "ondoa gari lako haraka."

Sasa, bibi yangu mzaa mama alikuwa Ipililo, ng'ambo ya Maswa. Mayu hakuwa amemwona tangu mdogo wangu wa mwisho azaliwe. Kila alipotaka kupanda basi, baba alikuja juu. "Mke wangu apande basi na gari liko uani? Watu watanionaje? Pamba ikishauzwa tunakwenda na gari letu." Pamba iliuzwa mwaka wa kwanza, ikauzwa wa pili, ikauzwa wa tatu. Gari lilikuwa uani.

"Subira yavuta heri, Mama Kabula," baba alimwambia. Kabula ni mimi.

Mayu alijibu bila kuinua uso kwenye karanga alizokuwa akichambua. "Na hiyo heri inavutwa na nini, Baba Kabula? Kamba au mnyororo?"

Ugonjwa wa gari ulijulikana: pampu ya maji. Tulikuwa tukitoka Dutwa, na kabla ya kufika Bariadi mjini injini imechemka kama sufuria ya viazi vya matobolwa. Mwaka ule wa tatu baba alinunua pampu nyingine mjini, akaileta imefungwa kwenye gazeti, ikalala chini ya kitanda chake wiki mbili kama mtoto mchanga. Kisha siku moja, uji haujapoa, alitangaza kwamba anaibadilisha mwenyewe.

Pampu ya zamani ilijificha. Kuifikia ilibidi utoe rejeta, utoe feni, utoe mikanda, ndipo uanze kuhesabu boliti zake. Na boliti zenyewe zilikuwa na hila: vichwa vyote sawa, urefu tofauti. Ukiirudisha ndefu kwenye tundu la fupi, umepasua injini. Baba alilijua hilo, akafanya jambo ambalo hadi leo naliona la akili sana. Alichukua bao lake, akamimina kete zote kwenye kopo, akaweka kila boliti kwenye shimo lake kwa mpangilio ule ule aliozitoa nao. "Wazungu wana akili," alisema, "lakini bao hawana."

Ikabaki boliti moja. Ilikuwa nyuma, chini, kati ya pampu na injini, mahali ambapo jicho halifiki na mkono wa baba ulikwama kwenye kiganja. Ulikuwa mkono wa plau na jembe, mpana kama sepetu. Siku tatu alilala chali juu ya gunia chini ya lile gari. Alipindisha spana kwenye moto. Alijaribu koleo, waya, na maneno ambayo mayu alitufukuza tusiyasikie. Jioni ya tatu alitoka uso mzima umepakwa oili, akatuarifu kwamba kiwandani walianza na ile boliti, ndipo wakaijengea injini.

Siku ya nne akaja mjomba, kaka yake mayu, kwa basi lile lile ambalo mayu alikatazwa kulipanda.

"Mwadila, shemeji," baba alimpokea, akijifuta mikono. "Ipililo mhola?"

"Mhola duhu, salama tu," mjomba alijibu, akakaa. Kisha akatoa alichotumwa. "Mama anauliza kama hilo gari lina miguu. Anasema ng'ombe wa mahari walikuwa nayo, walifika wenyewe. Na jingine, shemeji. Macho yake yanakwenda. Anasema mkikawia zaidi, mwanawe atamtambua kwa sauti tu."

Mayu alikuwa jikoni akisonga ugali. Mwiko ulisimama. Mimi nilikuwa mlangoni, nikamwona anafuta uso kwa upindo wa kanga, na moshi siku ile haukuwa mwingi.

"Jumapili tunaondoka," baba alisema. "Naapa."

Ilikuwa Ijumaa. Mtu mwingine angerudi chini ya gari mbio. Lakini chakula kilikuwa hakijaiva, na mjomba macho yake yakaangukia bao. "Loo! Siku hizi kwenu mnacheza kwa kete za chuma?"

Nyie mliokulia kwetu mnajua. Shemeji akikuchokoza kwa bao uani kwako, huwezi kumwambia una kazi. Tena mjomba huyu alikuwa amemfunga baba mara ya mwisho walipokutana, msibani, mbele za watu. Nilimwona baba analitazama gari, analitazama bao. Akaenda kuchukua kopo, akajaza mashimo kwa kete zilizopungua, kete na boliti zikawa ndugu.

Walicheza kwa kelele. Majirani wawili wakasogea. Boliti zilizunguka bao lile zikaruka shimo hadi shimo, zikaliwa, zikapandwa upya, na baba akamfunga mjomba mara mbili mfululizo kwa boliti za gari lake mwenyewe. Aliinuka akapiga makofi, akainua mikono juu. Kisha akatazama chini. Tabasamu lilimwisha usoni polepole.

"Umeshinda, shemeji," mjomba alisema. "Mbona umenyamaza?"

Nilimwonea baba huruma. Nilimkasirikia pia, kwa sababu nilijua nani ameshindwa.

Mayu alitoka jikoni, akalitazama bao. Alirudi ndani akatoka na kibuyu cha samli. Alikunja mkono wa blauzi, akajipaka hadi kwenye kiwiko. Sote tuliijua kazi ile. Ndivyo alivyofanya ng'ombe alipokwama kuzaa, maana nyumbani kwetu plau lilikuwa la baba na uzazi wa mifugo ulikuwa wa mayu.

"Mama Kabula, huyo si ng'ombe," baba alisema.

"Najua. Ng'ombe angekuwa amekufa juzi. Nipe spana."

Aliingiza mkono kwenye injini, akafumba macho. Baba akaanza kumwelekeza, kushoto, chini kidogo, akaambiwa asimsemeshe mtu aliye kazini. Shingo ya mayu ilikaza. Tukasikia mlio mdogo, kisha mwingine, na kabla mboga haijapoa ile boliti ilikuwa kwenye kiganja chake, inang'aa kwa samli.

Za bao nazo hakuzililia. Alivunja njiti ya ufagio, akaitumbukiza kwenye tundu la kwanza la injini, akaishika kwa ukucha pale ilipoishia, akaipima na boliti moja moja hadi akapata ndugu yake. Tundu la pili vivyo hivyo. Baba alimshikia boliti, mpole kama mwanafunzi anayesahihishiwa daftari. Kesho yake pampu mpya ikafungwa, na ile boliti ya nyuma mayu akairudisha kwa samli ile ile. Mwishowe ilibaki boliti moja na ikapungua kete moja. Hakuna aliyeuliza.

Jumapili tulipita Bariadi bila kuchemka. Pale Maswa baba alisimamisha gari akafungua boneti bila sababu yoyote, ili aonekane. Tulipofika Ipililo, bibi alikuwa amesimama uani. Alilipita gari kama anavyopita kichuguu, akaenda moja kwa moja kwa mayu, akashika mkono wake akausogeza karibu na macho.

"Mkono huu mweusi," alisema.

"Ni oili, mama."

"Naiona," bibi alisema. Kisha akarudia, "Naiona."

Mayu alilia pale pale, mbele ya watu. Nyuma yetu baba alikuwa tayari anawasimulia wakwe zake jinsi alivyoifikia boliti ngumu. Mayu hakumsahihisha siku ile wala siku nyingine yoyote.

Baba hayupo tena, na ile pikapu inalaliwa na kuku kule Dutwa. Mimi naishi Bariadi mjini, nusu saa tu kwa lami. Gari langu linawaka kwa kubonyeza. Likiugua, fundi wa umri wa Shija analisoma kwa simu, anang'oa boksi zima, anaweka jingine, na mikono yake inabaki safi. Hakuna kisichofikika siku hizi. Ila mimi kwa mayu sijafika tangu wakati wa kupanda, na sasa pamba inavunwa. Kuna kazi, kuna vikao vya harusi, kuna uchovu.

Wiki iliyopita alinipigia. "Kabula, mbona huonekani?"

Nilimwambia gari bovu. Lilikuwa mbele yangu, Shija ametoka kuliosha.

Nikasikia kuku wake. "Limeharibika wapi?"

"Kule nyuma, mayu. Pasipofikika."

"Basi njoo nalo," alisema. "Samli ipo, na mkono wangu bado unaingia."