Mstari Ulio Karibu na Ringi

Ufundi wa baiskeli nilijifunza peke yangu kwenye simu, hapa Tunduma, na kwa miaka miwili nilimwambia kila mteja kwamba nilifundishwa na fundi wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Nilidanganya kwa woga tu wa kukosa wateja.

Kisha mama mmoja, mhudumu wa afya anayezunguka vijiji vya kule Chitete, akaniachia baiskeli yake ya milimani nimfungie matairi mapya wakati yeye yuko sokoni. Kesho yake ilikuwa siku ya chanjo, na alitaka kuiwahi mvua. Ringi ya mbele ilikuwa ya aluminiamu, pana. Ya nyuma ilikuwa ya chuma, imetoka kwenye baiskeli ya marehemu baba yake.

Kila tairi lina mstari mwembamba pembeni, juu kidogo ya ringi. Ukionekana sawa mzunguko mzima, tairi limekaa. La mbele nililipaka povu la sabuni, nikajaza upepo mwingi, likalia "pa!" likakaa. Hata hivyo nililifungua mara tatu, maana rula ilionyesha tofauti ya unywele.

"Fundi, hilo tairi unalifunga au unalibatiza?" akauliza jirani yangu muuza vocha.

La nyuma nikalijaza vilevile. Sikujua kuwa ringi ile ya chuma haina ukingo wa kulishika tairi. Likapanda upande mmoja, tyubu ikachungulia, ikapasuka, na mama amesharudi kutoka sokoni, huyo hapo ananitazama. Nikamwambia yote: sikufundishwa na mtu.

Hakupandisha sauti. Hilo namshukuru mpaka leo.

"Mimi nilifundishwa na baba, kwetu Ileje," akasema. "Lete tyubu nyingine. Ya chuma haitaki ubabe, mwanangu. Tia upepo nusu, zungusha, kanda panapobonyea, toa, tia tena."

Tukakanda wote wawili mpaka vidole vikawa vyeusi. Akasema tayari. Nikazungusha gurudumu, nikaona mstari unazama penye valvu, pale pa kutilia upepo.

"Bado, mama."

Nikaisukuma valvu ndani. Tyubu iliyokuwa imebanwa chini ya tairi ikaachia, mstari ukanyooka.

Akainama, akatazama. "Mimi nisingepaona hapo. Ingenipasukia porini, na chanjo za watu mgongoni. Huo wasiwasi wako usije ukauacha."

Akapanda, akaondoka, mawingu yakiwa bado mbali.

Siku hizi mteja akiniuliza nani alinifundisha, najibu: mama mmoja wa chanjo, mchana mmoja.