Sauti ya Dereva kwenye Kanda Iliyofungiwa

Umma unatangaziwa, kwa uzito wote unaostahili, kwamba Kamati ya Maadili ya kituo chetu cha televisheni imeifungia ile katuni ya zamani ya dakika saba, kwa kosa la kumchora mtu mweusi mwenye midomo kama matairi, akikimbia kivuli chake mwenyewe. Kamati iliitazama mara kumi na moja ili kujiridhisha kwamba inadhalilisha. Mara ya tisa waliagiza chai.

Fundi cherehani wa kituo, mama anayewashonea watangazaji suruali zisizoonekana na mtazamaji yeyote, hakuwa na ubishi.

"Mimi ningeifungia siku ya kwanza," alisema, pini mdomoni.

Tatizo lake lilikuwa moja tu: yule mtu wa katuni alizungumza kwa sauti ya mumewe.

Mumewe alikuwa dereva wa kituo. Siku ya kuingiza sauti za Kiswahili, mwigizaji aliyepangiwa aliisoma karatasi yake, akavaa viatu, akaenda zake. Dereva akasukumwa mbele ya maikrofoni. Mkewe alimnunia wiki nzima, na kwa hasira hakuisikiliza katuni hiyo hata mara moja. Ipo, alijiambia, haikimbii. Sasa dereva ana miaka sita kaburini. Picha zake zimejaa albamu nzima; sauti hakuna, hata ya kusema "nipishe."

Mama akashuka stoo ya kanda.

"Shikamoo, mama," alisema mtunza kanda.

"Marahaba. Nitolee ile katuni."

"Haiwezekani, mama yangu. Agizo linasema isionyeshwe kwa mtu."

"Nani kakwambia nataka kuiona? Nataka kuisikia."

Mtunza kanda akakuna kichwa, akapiga simu juu. Mwenyekiti wa Kamati akaja mwenyewe, na daftari, kushuhudia maumivu. Skrini ikafunikwa kwa sketi ya malkia iliyotoka kabati la mavazi.

Kanda ikazunguka. Sauti ikatoka nyembamba, ya kubana pua, ya kijinga, kama dereva alivyoagizwa. Mama akainamia spika. Huyu siye aliyekuwa akiingia mlangoni na kuuliza, "Mke wangu, kuna chochote cha kutafuna?" Dakika ya tatu, siye. Ya tano, siye. Vidole vyake vikawa vinakunja na kukunjua utepe wa kupimia.

Kabla tu ya sentensi ya mwisho, dereva akavuta pumzi.

"Rudisha."

"Hapo hakuna maneno, mama."

"Rudisha hapo hapo, mwanangu."

Akarudisha mara nne. Pumzi ile ilikwama kidogo, ikakwaruza, ikapita. Mama alifumba macho, shavu limegusa spika. Huyu ndiye.

Mwenyekiti akajifuta jicho kwa leso, akaandaa kalamu.

"Mama, Kamati inaomba kujua, kwa kumbukumbu za taifa: umesikia nini?"

"Alikuwa na mafua."