Injini ya Babu Ilivyojifunza Kunyamaza

Juma lililopita nilitoka Nyasubi, kule Kahama ninakoishi, nikaenda kijijini upande wa Ushirombo kumsalimia bibi. Hata sijatua mkoba, pikipiki ikapita barabarani kwa mlio wa kupasua masikio, vyombo vikatetemeka kwenye kichanja. Nikamuuliza kijana wa jirani ile pikipiki inaumwa nini. Akacheka. "Haiumwi kitu, shangazi, mwenyewe kaipeleka kwa fundi atoboe bomba makusudi, ili isikike tangu mbali." Debe tupu haliachi kuvuma! Sisi, rafiki yangu, kwenye uwanja huohuo wa bibi tulitoa jasho kutafuta kinyume chake, na tulikipata.

Babu alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magogo ilining'inia kwenye miyombo ndani kabisa ya msitu, na mahali ilipo alipajua yeye peke yake. Alikwenda kwa baiskeli asubuhi, akarudi jioni na madumu yamefungwa kwa kamba ya mpira, ananuka moshi na majani. Sisi wajukuu tulikuwa tumekwisha kaa kwenye mkeka na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa, tunangoja kuichovya. Mpaka leo nikionja asali ya dukani naichezesha mdomoni, naitafuta ile ladha ya nta na moshi, siipati.

Kisha magoti yakamgomea. Akawa anasukuma baiskeli kuliko kuipanda, na mara nyingine alirudi hajafika. Hilo lilimuuma kuliko magoti yenyewe. Alikuwa na msemo wake: asiyefika kwenye mizinga yake si mrina, ni mla asali tu. Aliurudia tena na tena msimu ule, na bibi akawa anaondoka pale anapousikia, anajifanya ana kazi jikoni.

Aliyeleta dawa ni mjomba. Alikuwa fundi wa pampu kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu upande wa Geita, akaja na injini ndogo ya petroli iliyochoka kuvuta maji. Akaifunga katikati ya baiskeli, akaweka mnyororo wa pili na tangi jekundu juu ya bomba la fremu. Babu akapanda, akakanyaga kidogo, injini ikashika. Kuku walikimbilia chini ya kitanda. Sisi tulishangilia mpaka sauti zikakauka.

Furaha haikudumu. Kwetu mkubwa hapiti tu, husalimia na kusubiri jibu. Babu alipita akipaza sauti, "Mwangaluka!" lakini nani asikie kwa mlio ule? Watu wakasema mzee amepata mashine, ameanza maringo. Nyuki nao walikasirika. Walimpokea kabla hajazima injini, akarudi uso umevimba, jicho moja limefumba. Hayo yote angeyavumilia. Lakini wahenga walisema fuata nyuki ule asali, na wezi wetu waligundua njia nyepesi zaidi: walifuata injini. Hawakuhitaji hata kutembea naye. Walipanda juu ya kichuguu wakasikiliza inakonyamazia. Muda si mrefu babu akakuta mizinga miwili imeshushwa, masega yamekamuliwa na watoto wa nyuki wametupwa chini kama makapi.

Alirudi akaiegemeza baiskeli ukutani, akasema hataigusa tena. Kwa miguu hafiki, kwa injini anawaonyesha wezi njia. Nilimwona mtu mzima amekaa kwenye kigoda anatazama mikono yake. Niliichukia ile injini kwa moyo wote.

Mjomba hakukubali kushindwa. Akachanganya udongo wa kichuguu na samadi, ule mchanganyiko tunaokandikia ghala la mahindi, akalizungushia bomba la moshi na kuliziba mdomo, akabakiza kitundu kidogo. Kwetu udongo ule unatibu kila ufa, kwa nini usitibu kelele? Injini ikawaka, ikakohoa, ikanyamaza kabisa. Akailazimisha. Ikatoa mshindo mmoja, bonge la udongo likaruka likatua kwenye chungu cha maharage ya bibi. Bibi alitoka na mwiko mkononi.

"Mnataka kuua injini au kuniua mimi?"

Babu alicheka, mara ya kwanza tangu mizinga iibwe. Akainuka, akaokota lile bonge, akaligeuza. "Umeiziba pumzi," akamwambia mjomba. "Hata mzinga ukiuziba, nyuki wanakufa. Wape milango midogo mingi, watatoka wote bila kusukumana."

Basi wakafanya kazi kama wanaotengeneza mzinga. Bomba jembamba lililotobolewa matundu mengi likaingizwa ndani ya bomba nene la chuma, na nafasi kati yao ikajazwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Bibi alisugua sufuria zake kwa majivu na mchanga msimu mzima, na alihakikisha kila mtu anajua. Kazi yangu ilikuwa kukata katambuga kuukuu za babu, ndala zile za tairi, vipande vyake vikawekwa chini ya injini isigongane na fremu. Mnyororo tukaupaka nta iliyolainishwa kwa mafuta. Tangi jekundu likapakwa rangi ya majivu na kufunikwa gunia, ili anayemwona aone mzee na mzigo wake tu.

Walipoijaribu, niliweza kumsikia njiwa kwenye paa. Injini ilinguruma chinichini, ukiwa hatua chache tu unadhani ni mtu anasaga karanga nyumba ya pili. Mjomba akaruka juu. Ni bibi tu aliyebaki amesimama mlangoni, haonekani kufurahi.

"Sasa nitajuaje kwamba anarudi?" akamuuliza mjomba. "Akianguka huko, nitakaa hapa nadhani yuko njiani. Baba, msiifunge sauti yote. Mniachie kidogo."

Mjomba akafungua tena kazi yake, akaweka kifuniko kidogo ubavuni mwa bomba, kinachofunguka kwa kuvuta waya wa breki kwenye usukani. Kuanzia siku hiyo babu aliingia msituni kimya, akisalimia watu nao wakimjibu, na wezi wakazeeka juu ya vichuguu. Jioni, akishavuka kijito na kuanza kuiona miembe yetu, alivuta waya. Mlio ukapanda bondeni: prrr, prrr! Bibi akabandika maji ya ugali. Alipofika uwanjani unga ulikuwa umekwisha kuingia chunguni.

Alirina hivyo misimu mingi, na aliacha pale alipotaka mwenyewe. Alifariki kitandani kwake, mrina, si mla asali tu. Naisimulia hadithi hii nikiwa nimenyoosha shingo, maana katika ukoo wetu hakuna kazi iliyofanywa vizuri kuliko ile.

Msitu ule sasa umekwenda kwenye mkaa na magogo ya kushikilia kuta za maduara. Safari hii miyombo iliyobeba mizinga sikuiona, na baiskeli ilibaki fremu inayoanikiwa nguo. Nilivuta ule waya, ukakatika mkononi.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni, palepale. Masikio yake bado mazima, alinisikia nikimwaga maji nyuma ya nyumba. Jioni ile pikipiki zilipita mfululizo zikirudi kutoka machimboni, moja ikishindana na nyingine kwa kelele, vumbi likaja mpaka miguuni pake. Hakuinua kichwa hata mara moja. Jua lilipokaribia kuzama nikamuuliza kama nibandike maji ya ugali.

"Bandika, mwanangu," akasema. "Mimi siku hizi hakuna anayeniambia saa ya kupika."