Ndagala Kivulini

Harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakikauka juu ya mchanga huanza kupanda kabla jua halijakaza, na aliyezaliwa Uvira haisikii tena. Mimi naisikia hadi leo, kwa sababu sikuzaliwa nayo. Tulishuka kutoka Bijombo, milimani, nikiwa bado shule ya msingi, mama, wadogo zangu na mimi, tukikimbia bunduki, baba akabaki juu na ng'ombe. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Kimanga. Kati ya vyombo vyake vyote mama alikuwa amebeba kimoja tu, kibuyu chake cha maziwa, akakitundika ukutani kikiwa kimefungwa kwa kitenge, kingoje siku ya kurudi kwa ng'ombe.

Kwetu milimani samaki na maziwa havikutani. Anayekula samaki kisha akakaribia au kugusa kibuyu huwaletea ng'ombe balaa: maziwa yanakauka, ndama wanakufa. Mama aliliamini hilo kuliko mengi aliyoyasikia kanisani, na alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli. Lakini mjini hatukuwa na shamba, na njaa ilitukaba. Jirani yetu Mama Riziki, mwanamke wa ziwani ambaye mama alimpita umri kwa mbali, alimshauri waende pamoja ufukweni kununua ndagala wabichi, wawakaushe, wauze sokoni. Mama alikuwa amevuka arobaini na hajawahi kumshika samaki. Alikubali kwa sharti alilojiwekea mwenyewe: atauza, lakini hataonja.

Siku ya kwanza aliwatandaza ndagala wake kivulini, nyuma ya nyumba, akawafunika kwa kitambaa kilicholowa maji. Maisha yake yote alikuwa akilinda maziwa na siagi visipigwe na jua, na mikono ikafanya ilichokijua. Jioni nzi walikuwa wameshatoa hukumu. Mama Riziki alicheka hadi akakaa chini. "Mama Neema, weye iko unalalisha samaki sawa mtoto," alimwambia mama, kisha akamgawia fungu katika ndagala wake mwenyewe. Mama hakucheka. Niliuona uso wake nikaogopa. Kule juu wanawake walikuwa wakija kumwuliza yeye mambo, na hapa alikuwa mjinga mbele ya watoto wake.

Akajifunza. Alijua saa ya kuwageuza, alijua wingu la mlimani litakaloleta mvua na lile la kupita tu, akapepeta mchanga vizuri kuliko mwalimu wake. Ila wateja walimwuliza kama ndagala wake ni wachungu, naye hakuwa amewaonja, wakahamia meza ya jirani. Asubuhi moja alimchukua mmoja kwa ncha za vidole, akamtia mdomoni, akatafuna amefumba macho. Nilidhani atatapika. Alimeza, akamwambia mteja kwamba si wachungu. Siku hiyo tulikula ndagala nyumbani kwa mara ya kwanza. Walikuwa watamu, na mama alikula nasi bila kuinua kichwa.

Mvua za msimu ule hazijaisha, baba akateremka peke yake, fimbo mkononi. Watu wenye silaha walikuwa wamewachukua ng'ombe wote. Mama aliuliza ni lini. Alipojibiwa alihesabu siku kwa vidole hadi ile asubuhi aliyoonja ndagala, halafu akasema, "Njo minye niliua ng'ombe zako." Baba alimjibu polepole: "Walikuja na bunduki. Hakuna samaki alipanda kule." Mama hakusadiki. Kesho yake alirudi ufukweni, maana chakula hakikuwa na mtu mwingine wa kukitafuta. Baba hakujifunza kitu Uvira. Alikaa mlangoni akitazama milima mpaka tulipomzika. Simlaumu, ila ndagala ndio waliotusomesha.

Leo mimi ndiye niliyevuka arobaini. Naishi Nyamianda, papa hapa Uvira, na mume wangu ana ng'ombe mmoja kwa rafiki yake bondeni Ruzizi, kwa hiyo maziwa yanafika nyumbani. Nimeamua kujifunza kuyatikisa yatoe siagi, kwa kibuyu kilekile. Mimi najifunza kwa kupenda, nikishindwa nitanunua siagi dukani. Mama angeshindwa na ndagala, tungelala njaa. Mama ameshazeeka na meza ya sokoni aliiacha zamani. Ananifundisha kwa mdomo tu, ameketi mbali nami, mikono ndani ya kitenge. Mimi nala samaki tangu utoto na hajawahi kunizuia kushika kibuyu. Ile sheria ameibakiza kwa ajili yake peke yake, jambo linaloniuma na kunikasirisha.

Juzi siagi ilikataa kabisa. Nilimsihi akishike kibuyu kidogo tu, nione. "Fanya weye," alisema. "Mikono yangu ingali na samaki." Nikaenda nikaitoa mikono yake kwenye kitenge, nikainusa yote miwili. Ilinukia sabuni, nikamwambia hivyo. Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto asiyejua kitu, kisha akairudisha ndani.