Mimea Iliyokosa Kwao

Mwanangu, kuna asubuhi moja siisahau hata nikitaka. Nilikuwa mwanafunzi kule Fort Worth, na kibarua changu kilikuwa kukausha mimea ya Profesa Murdo, mzee wa Kiskoti aliyehamia Texas na kumaliza ujana wake akisaka nyasi na maua ya huku. Alikuwa anastaafu. Mimea ya msimu ule ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake, na aliichuma Cedar Hill, kwenye mbuga zilizokuwa zinangoja kujengwa nyumba.

Kazi yenyewe rahisi. Mmea unalazwa katikati ya gazeti, unabanwa kwa mbao, na kila siku unatoa gazeti lenye unyevu unaweka kavu. Ila namba inayoonyesha mmea ulichumwa mbuga ipi na sehemu gani hasa huandikwa pembeni mwa gazeti. Kabla ya kulitoa, lazima uinakili.

Mimi sikunakili. Akili ilikuwa Houston! Binamu yangu alikuwa amenipigia kwamba huko kuna kazi nzuri, na mimi, niliyekuwa nimehama vyumba vinne ndani ya miaka miwili, miguu ilishaanza kuniwasha. Nikabadilisha magazeti haraka haraka, ya zamani nikayatupa, gari la taka likayachukua.

Profesa alipofika akafunua gazeti moja, akafunua la pili.

“Namba ziko wapi?”

Nikamwambia. Loo! Angenifokea ningeshukuru. Aliketi tu.

“Majina yake nayajua yote,” akasema. “Lakini mmea usiojulikana ulikoota haunisaidii kitu. Na siwezi kurudi kuchuma, matingatinga yameshapita.”

Kisha akasema, “Nilipotoka Skotlandi nilikuwa kama wewe. Miaka saba hapa Texas, kila siku najiambia kesho narudi kwetu. Nilichuma mimea bila kuandika ni ya wapi, maana sikuona kama niko mahali. Yote niliitupa.”

Akaibeba mimea ile, mmoja mmoja, akaitia kwenye pipa. Nililia, mwanangu, mwanamume mzima.

Sasa wewe jana umenipigia, eti umechoka na Pearland, unataka Dallas, na hii ni mara ya tatu. Sikukatazi. Hata mimi mpaka leo nikisikia mtu anafunga mizigo, moyo unaruka, uzee huu wote! Lakini nilikuuliza yule mama jirani yako anaitwa nani, ukaniambia hujui. Mwaka mzima unaishi pale! Hilo ndilo linaloniuma. Hama ukitaka, ila usipite mahali kana kwamba hukuwahi kuwapo. Kesho mbishie hodi, mjue jina, mle pamoja, ndipo upakie. La sivyo utafika umri wangu ukiwa na miaka mingi na hujui uliishi wapi.

Mungu akutulize moyo, mwanangu, na popote utakapolaza kichwa, akufanye mtu wa hapo.