Kuuzunguka Meru kwa Gari la Umeme

Siku ile tulikuwa wanne. Mimi, dada mkubwa. Mdogo wangu wa kiume anayenifuata, ninayemwita kaka, fundi umeme, mwenye gari. Kitindamimba wetu, nesi, aliyekuwa amepangiwa kazi Singida na kutakiwa kuripoti wiki iliyofuata. Na bibi mmoja wa Ngarenanyuki, ambaye asubuhi ile hatukuwa tunamjua wala yeye hakutujua, lakini hadi jioni alikuwa ametupa kila kilichokuwa kwenye mita yake ya umeme. Baba na mama hawakuwepo. Walifariki miaka ishirini na mbili iliyopita. Ila nawataja kwa sababu safari ile niliitaka kwa ajili yao.

Walikuwa wanatoka Babati na pikapu ya mahindi. Ikawazimikia kabla ya kufika Makuyuni. Jua lilikuwa linazama, wao wanaisukuma kuitoa barabarani, na hawakuwa wameweka matawi ya tahadhari nyuma. Dereva wa lori alisema hakuona mtu. Nilikuwa kidato cha pili. Kaka yangu alikuwa na miaka tisa, mdogo wetu alikuwa na miaka mitatu. Sikurudi darasani. Nilikaa kwenye cherehani ya mama, na mpaka leo nipo hapo, nashona sare za shule.

Tangu hapo nyumbani kwetu Moshono kuna sheria mbili, na nilizitunga mimi. Ya kwanza, sisi watatu hatupandi gari moja. Ya pili, hakuna anayeishika barabara ya Babati kabla sijakubali. Mimi mwenyewe sijawahi kuipita. Watu wa ukoo wakifiwa huko, natuma rambirambi.

Gari la kaka ni kigari cheupe cha mtumba kutoka Japani. Halina injini ya mafuta. Linachomekwa ukutani kama pasi. Kila siku linampeleka karakana yake Elerai na kumrudisha, na mara moja moja linambebea vifaa vya wateja, na halijawahi kumwangusha. Linatembea kimya kiasi kwamba kuku wa jirani hawalipishi njia mpaka lipige honi. Kwa mjini sikuwa na neno nalo. Neno lilikuja aliposema atampeleka mdogo wetu Singida kwa gari hilo, pamoja na godoro na jiko la gesi.

"Ni kilomita mia tatu na kitu tu, dada," alisema tukiwa mezani. "Tunachaji Babati, tunakula, tunaendelea."

"Na kabla ya Babati?"

"Kabla ya Babati kuna nini?"

Alisema kabla hajafikiri. Kisha akaitazama sahani yake. Mdogo wetu akasema, "Mimi basi linanitosha. Nyie mnagombania godoro langu au?"

Kaka hakucheka. Kumpeleka mdogo wake kazini kwa gari lake mwenyewe kulikuwa kitu kikubwa kwake. Nililiona hilo, na ndiyo maana sikusema hapana palepale. Nilisema hivi: lizungushe Mlima Meru kwanza. Lipite Usa, Momela, Ngarenanyuki, litokee Oldonyosambu, lirudi kwa Ngaramtoni. Mimi nitakuwemo. Likifika nyumbani kwa nguvu zake lenyewe, nitakaa nifikirie.

"Ukifikiria utakubali?"

"Nitafikiria."

Usiku wa kuamkia Jumamosi gari lilichajiwa kwa waya uliopitishwa dirishani mwa chumba changu cha kushonea. Mimi silali bila kupita nyumba nzima nikizima swichi. Mtu aliyelea watoto wawili kwa cherehani anajua yuniti moja ya umeme ni nini. Nilipita jikoni, nikapita sebuleni, nikapita chumba cha kushonea. Nikazima, nikalala.

Asubuhi nilimkuta mdogo wetu amekaa kiti cha nyuma, amefunga mkanda.

"Shuka," nikamwambia.

"Mnalijaribu kwa ajili yangu. Na mimi nimo."

"Sheria unaijua."

"Naijua, dada. Nina miaka ishirini na mitano."

Hakushuka. Nilisimama pale na mzigo wangu: madumu mawili ya maji, blanketi, kamba, na panga. Kaka akaliangalia panga. "Hilo la simba wa Momela?" Lilikuwa la kukatia matawi.

Hadi Usa nilikuwa nimeshika kishikio cha mlango. Tulipoanza kupanda kuelekea Momela niliona namba ya chaji kwenye kioo kidogo mbele ya dereva inashuka haraka kuliko barabara ilivyokuwa inakwisha. Kaka naye aliiona. Alizima redio, halafu akazima feni, halafu akafungua dirisha kidogo kama mtu anayetaka hewa tu. Nilimjua tangu mtoto: akinyamaza vile, kuna kitu anakificha nisiogope. Baadaye alikiri kwamba alipowasha gari asubuhi alikuta halijajaa, akadhani betri imeanza kuchoka, akanyamaza.

Na mimi nilinyamaza. Tulikuwa msituni, ukungu umeshuka mpaka kwenye miti, ndipo nilipouona akilini mkono wangu ukizima ile swichi ya usiku. Ningesema, angegeuza palepale, tungerudi nyumbani, tungecheka. Sikusema. Sitaficha kwa nini. Sehemu yangu moja ilitaka gari lishindwe, na lishindwe pale, karibu, mchana, mimi nikiwepo, kuliko lishindwe Makuyuni wakiwa wao wawili peke yao.

Momela tuliipita, maziwa yakiwa chini yetu. Ngarenanyuki tukaipita sokoni, kwenye matenga ya nyanya. Tulipoanza kukamata njia ya vumbi kwenda Oldonyosambu, taa ya njano ikawaka mbele ya dereva na gari likaanza kwenda kama mtu aliyeumia mguu. Kaka alilisogeza pembeni kadiri alivyoweza. Likasimama katikati ya mlima na bonde, matairi mawili yakiwa bado njiani.

Nilishuka kabla hajasema neno. Nilikata matawi ya mgunga, miiba ikinichana mikono, nikayapanga barabarani nyuma ya gari, hatua thelathini, halafu hatua sitini. Halafu nikaenda mbele nikapanga na huko.

"Dada," kaka aliita. "Hapa atatugonga nani? Punda?"

Kweli kulikuwa na punda wawili tu, wamebeba maji, na mama mmoja nyuma yao akiyazunguka matawi yangu kwa heshima. Lakini sikuacha mpaka nilipomaliza.

Nguzo ya umeme ilikuwa inaonekana, na chini yake nyumba ya bati, kiasi cha hatua mia mbili, pakiteremka kisha pakipanda kidogo. Kaka alikwenda kuomba, akarudi na jibu kwamba tumekaribishwa. Ilibaki kulisukuma gari. Mdogo wetu akashika usukani. Mimi na kaka tukaenda nyuma.

Sijui niseme vipi yale ya kusukuma. Nilikuwa nimeapa sitasukuma gari maishani mwangu. Niliweka viganja kwenye bati la nyuma, likiwa la moto kwa jua, na mgongo wangu ukawa wazi. Kila baada ya hatua tatu niligeuka kutazama nyuma. Hapakuwa na kitu, vumbi tu, na mlima. Nikageuka tena. Kaka alikuwa kando yangu bega kwa bega, anahema, na nikafikiri hivi ndivyo walivyokuwa, mmoja huku na mwingine huku, labda na wao walikuwa wanataniana. Nilimwambia, "Wewe kaa pembeni, nitasukuma mwenyewe." Hakukaa pembeni. Safari hii hakutania. Alianza yeye kugeuka kutazama nyuma, ili mimi nitazame mbele.

Bibi alitusubiri getini, kitenge kiunoni, mwili mwembamba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Ndilo hilo linachomekwa kama simu?"

"Ndilo, bibi," kaka alisema.

"Basi lichomekeni. Mita ya Luku ina yuniti kumi na moja, niliangalia asubuhi."

Waya ulipitishwa sebuleni, ukaingia kwenye soketi iliyokuwa karibu na boksi la vifaranga. Walikuwa vifaranga wa wiki moja, wamejazana chini ya balbu, maana upande ule wa Meru una baridi kavu. Kaka alijaribu kununua umeme kwa simu ili aongeze kwenye mita ya bibi, lakini mtandao ulikuwa umegoma, ukawa unazunguka tu. Bibi akasema tuache simu, tunywe chai.

Alipomaliza kutumiminia, alitoka nje akalizunguka gari. Aliinama nyuma yake, akanusa. Akazunguka tena, akanusa mbele.

"Moshi linatolea wapi?"

"Halina moshi, bibi."

"Na harufu ya mafuta?"

"Halina."

Akafungua mlango, akaingiza kichwa, akavuta pumzi ndefu. Akarudi kukaa.

Tulikaa saa nyingi. Mdogo wetu alimpima bibi presha kwa kipimo kipya cha kazi. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, mahali nilipoweza kuyaona matawi yangu barabarani. Redio ilikuwa inaimba kwaya. Katikati ya ubeti ikanyamaza. Ndipo tulipoona boksi la vifaranga limekuwa na giza.

Kaka aliruka kuchomoa waya, lakini hapakuwa na cha kuokoa. Yuniti zote kumi na moja zilikuwa ndani ya gari letu.

"Bibi, tusamehe," alisema. "Nilipiga hesabu tungebakiza tatu. Gari lilikuwa halijajaa asubuhi, sijui kwa nini."

Hapo sikuweza tena. "Nilizima mimi," nikasema. "Swichi ya chumba cha kushonea. Nilipita kama kawaida yangu, nikazima. Nimejua tangu msituni."

Kaka aliuweka waya chini. "Tangu msituni."

"Ndiyo."

"Na mimi niliona halijajaa tangu nyumbani," alisema taratibu.

Mdogo wetu akatutazama mmoja mmoja. "Nyie wawili," akasema, "mtaniua kwa kunionea huruma."

Bibi alikuwa ameshapiga magoti, anawahamisha vifaranga kwenye tenga ili awapeleke karibu na jiko la kuni. Nilimsaidia. Nilitoa hela, akausukuma mkono wangu.

"Umeme mtaurudisha simu zenu zikipona. Hilo si deni." Aliniangalia mimi, si kaka. Sijui alijuaje kwamba ruhusa zinatoka kwangu. "Mimi magari yananitapisha, mwanangu. Ile harufu. Nikipanda basi nafika maiti. Nina dada yangu Babati, mwaka wa sita huu sijamwona, na yeye hawezi kutembea. Hili halinuki. Mtanilipa hivyo. Mtanipeleka Babati."

Kaka aliangalia chini, kama siku ile mezani.

Chai ilikuwa bado kwenye kikombe changu. Vifaranga walikuwa wanalia ndani ya tenga kwa sababu ya mkono wangu. Nikasema, "Tutakupeleka, bibi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Tulirudi nyumbani kabla ya giza, kwa njia ileile ya Momela, maana kaka hakutaka kulijaribu zaidi. Tulipofika pale liliposimama, nilishuka nikaondoa matawi moja moja, kwa sababu matawi yaliyosahaulika nayo yanaua.

Mdogo wetu alikwenda Singida kwa basi. Niliamua hivyo usiku uleule na sijabadilisha. Gari halikuwa na kosa, kaka alinieleza mara mbili na nilimwelewa mara zote mbili, lakini wiki ile nisingeweza kuwaona hao wawili wakiishika ile barabara ndani ya kitu ambacho mkono wangu mmoja unaweza kukizima bila mimi kujua. Nilimsindikiza stendi, na mpaka aliponipigia kwamba amefika, sikuweza hata kutunga uzi kwenye sindano. Kaka alikaa siku mbili bila kula kwangu. Siku ya tatu alikuja, akala, akaniuliza chumvi iko wapi.

Umeme tulimrudishia bibi Jumatatu, mtandao uliporudi. Alipiga simu kushukuru. Vifaranga wawili walikufa usiku ule, akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akaniuliza Babati ni lini.

Nimemwambia baada ya mvua. Mvua zimepita. Nimemwambia shule zikifungua na sare zikiisha. Zimeisha. Kaka ameandika kwenye karatasi mahali pa kuchaji: nyumba ya wageni moja Makuyuni, rafiki yake Babati. Karatasi nimeibandika ukutani mbele ya cherehani. Nalisoma lile jina la Makuyuni kila ninapoinua kichwa, halafu narudi kwenye mshono. Swichi ya chumba cha kushonea nimeifunika kwa plasta, mara tatu, ili nikipita gizani kidole kikwame.

Mwezi uliopita mama mmoja anayeleta nyanya sokoni Kilombero, hapa mjini kwetu, alinitafuta mpaka akanipata. Alikuwa na salamu kutoka Ngarenanyuki.

"Bibi anasema nimwambie yule dada wa matawi: viatu vya Babati ameshanunua. Vipo kwenye boksi, havijakanyaga chini."

Nilimwambia amjibu kwamba sijasahau. Nikarudi nyumbani, nikalinoa panga, nikaliweka nyuma ya kiti cha gari la kaka. Lipo huko mpaka leo. Bibi bado anatudai.