Digrii Mbili kwa Miaka Mitano

Miaka ya hamsini nilikuwa mkalimani wa mahakama mjini Kitale. Kutwa nilisimama kati ya hakimu Mzungu na washtakiwa, nikitafsiri maneno ya watu wengine, hata nikatamani kusema yangu. Wakili mmoja Mhindi aliyenizoea akaniambia kuwa Bombay kuna chuo kinachounganisha digrii ya kwanza na ya sheria: mwaka wa mwisho wa ile ya kwanza unahesabiwa pia kuwa mwaka wa kwanza wa sheria. Badala ya miaka sita, mitano.

Niliomba, nikakubaliwa. Kikabaki kibarua cha kumweleza mchumba wangu, mwalimu wa shule huko Kanduyi, pamoja na baba yake.

"Ati miaka mitano?" mzee akauliza.

"Wengine husoma sita, mzee."

"Hao wengine si hawajachumbia binti yangu?"

Mchumba wangu alikuwa akimimina chai. "Baba, mwache aende," akasema taratibu. "Lakini mwaka wa sita asinitafute."

Basi nilisoma kama mtu anayefukuzwa. Mwaka ule wa kuunganisha, asubuhi nilikuwa na historia na jioni sheria ya mikataba, hata nikaota namhoji mfalme fulani kizimbani. Wiki ya mtihani homa ikanishika. Nilifanya karatasi ya mwisho nimejifunika blanketi, nikafaulu kwa kuponea chupuchupu.

Nilirudi kwa wakati. Mzee hakuniuliza habari za Bombay. Alinipeleka shambani kwake Sirisia, akanionyesha mtaro aliokuwa akigombania na jirani, kisha akanipa karatasi za kesi.

"Soma. Nani atashinda?"

Nilisoma mara mbili, nikitafuta hata sentensi moja ya kumsaidia. Mchumba wangu alikuwa kando yetu, akinitazama usoni.

"Jirani, mzee," nikasema.

Aliangalia mahindi yake. Nilijua nimejiharibia.

"Hata wakili niliyemwendea kwanza alisema hivyo," akasema hatimaye. "Nikamwona mjinga, bana." Akacheka mpaka akakohoa.

Juma lililofuata aliiondoa kesi. Tulifunga ndoa Kanduyi baada ya mavuno. Jirani alikuja na kuku wawili, akaketi mstari wa mbele, karibu na baba mkwe wangu, wakabishana kuhusu mbolea hadi tukaletewa chakula.